Sifa za Koki Inayovuja

Koki inayovuja haina mtetezi. Mwenye nyumba huilaani bili ikija, mpangaji huizungushia kitambara ili apate usingizi, na fundi bomba huiita kazi ndogo kisha akatoza bei ya kazi kubwa. Hata wahenga waliisema vibaya. Chururu si ndo ndo ndo, walisema, kwamba mwenye mchirizi amemzidi mwenye matone. Nasi tuliokulia Dar es Salaam ya mgao wa maji, ambako siku yanapotoka hupangwa madumu, ndoo na hata sufuria za pilau, tulifunzwa kuinyonga koki mpaka kiganja kibaki na alama. Kuacha tone lianguke bure kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Leo nasimama kuimwagia sifa. Sitaisifia ya Dar es Salaam, kwa kuwa huko haistahili. Nitaisifia ya Texas, usiku wa Februari, ambako Waswahili kutoka Kongo, Kenya na Tanzania ni wengi siku hizi na bado mikono yao ina ile tabia ya kunyonga.

Texas ilijengwa kwa kuogopa jua. Nyumba nyingi zina mabomba yanayopita darini au ndani ya ukuta wa nje, mahali ambapo mjenzi wa kaskazini, anayezika bomba mita mbili chini ya ardhi, asingethubutu kuyaweka. Februari 2021 jua lile halikuonekana. Tarehe 16 kipimo cha uwanja wa ndege wa Dallas kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri za Sentigredi, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu, na nyumba zikapoa kutoka ukutani hadi kitandani. Zaidi ya watu 200 walikufa, na hao si wa kufanyiwa mzaha. Mzaha wangu ni wa mabomba, yaliyopasuka mtaa baada ya mtaa, yakamwaga maji kupitia dari juu ya makochi ya watu waliokuwa wamefunga koki zao vizuri sana.

Hapo ndipo utukufu wa mteja wangu, koki inayovuja, unapoanza, na naomba nisikatizwe, kwa sababu wengi humsifu kwa kosa. Ukiuliza kwa nini bomba hupasuka kwa baridi utaambiwa kwamba barafu huvimba, ikausukuma ukuta wa bomba hadi ukachanika. Ni kweli kwamba maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa takriban asilimia 9. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliyagandisha mabomba kwa makusudi, wakayapima, na wakaona kisa kingine. Barafu huanza kama kizibo mahali penye baridi kali zaidi, tuseme pembe ya darini inayopigwa na upepo. Kizibo kikirefuka huyasukuma maji pande zote mbili. Maji ya upande wa mtaani hayana shida. Hurudi nyuma kuelekea bomba kuu la mji. Maji ya upande wa sinki yamenaswa: nyuma yao barafu, mbele yao koki iliyokazwa kikiki na mtu mwenye malezi mema. Na maji hayakubali kushindiliwa. Shinikizo hupanda hadi makumi ya mara ya lile la kawaida la nyumbani, kisha bomba la shaba hufumuka, mara nyingi mahali ambapo hapana barafu hata chembe.

Koki inayovuja haiwezi kushiriki uhalifu huo. Haina ubavu wa kumzuia mtu. Msukumo ukija huachia tone, na tone likitoka shinikizo limekwisha nguvu. Hata barafu ikiziba njia kabisa na matone yakakoma, koki iliyoachwa wazi bado inafanya kazi, kwani yanayosukumwa yana pa kutokea. Wanaoisifu eti kwa kuwa maji yanayotembea hayagandi wanaipa nishani ya kuazima. Mwendo ule husaidia kidogo, huleta joto la maji yaliyotoka chini ya ardhi, lakini sifa yake kuu ni udhaifu wake. Vitu vyote vya shaba ndani ya nyumba vinajivunia kutoachia, na usiku ule vyote vilikuwa vinaitegemea hii moja inayoachia.

Washindani wake wana majina makubwa. Kuna mirija ya sponji inayovalishwa mabomba, ambayo huchelewesha baridi bila kuizuia. Kuna waya wa umeme unaozungushwa kwenye bomba ulipashe joto. Ni mzuri mno, ila mwaka 2021 ulikuwa unasubiri umeme kama sisi wengine. Kuna ushauri wa kuacha wazi milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la nyumba liingie, nao unadai kwanza nyumba iwe na joto. Wapo pia mashujaa wa baada ya tukio, wanaoliendea bomba lililoganda wakiwa na tochi ya gesi. Hao huyeyusha barafu na pengine nyumba nzima. Kikausha nywele kingetosha, tena koki ikiwa wazi. Mteja wangu hahitaji umeme, hahitaji fundi, hahitaji hata mtu wa kukesha naye.

Mnasema ni mfujaji. Tupige hesabu basi. Tone moja kila sekunde, kwa saa 10 za usiku, ni kama lita 12 au 13. Ndoo ya lita 20 haijai. Na nani kasema yamwagike? Tega ndoo kwenye sinki, asubuhi upige deki au umwage chooni, na dhamira uliyolelewa nayo itatulia. Baridi yenyewe si ya kila usiku: kwa kipimo cha watafiti wale wa Illinois, hatari kwa bomba lisilofunikwa darini huanza nje kukifika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Ni usiku mchache tu wa Texas unaofika huko.

Msiiache koki ya maji ya moto ikiwa imefungwa. Bomba lake linapita kwenye dari ile ile, na maji yaliyosimama humo usiku kucha hayana cha moto zaidi ya jina. Hapa Mtanzania ana haki ya kuingilia: Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963, aliona mchanganyiko wake wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa, akachekwa darasani. Mwaka 1969 aliyaandika hayo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, na wataalamu wanabishana mpaka leo. Wakati wanabishana, achia zote mbili.

Heshima rasmi imewahi kuipata pia. Winnipeg, Kanada, mwaka 2014, baridi ilizama ardhini kiasi cha kugandisha mabomba yanayoingia majumbani, na serikali ya mji ikawataka maelfu ya wakazi waache koki wazi mchana na usiku, mchirizi wa unene wa penseli, kisha ikawapunguzia bili. Hapo wahenga walipata walichotaka: chururu, si ndo ndo ndo. Houston mwaka 2021 ilikuwa kinyume. Mitambo ya maji iliyumba, watu wengi waliachia koki kwa pamoja huku mabomba yaliyopasuka yakimwaga, shinikizo la mji mzima likaanguka, na mji ukawasihi wakazi waache kuyatiririsha. Nalitaja hilo kwa uaminifu wa wakili. Mteja wangu ni mwema akiwa mmoja mmoja. Akikusanyika kwa mamilioni hula maji ya hospitali.

Ukisafiri msimu wa baridi usimwachie yeye peke yake nyumba. Acha hita ikiwaka, isishuke chini ya nyuzi 13 za Sentigredi. Ng'oa mpira wa bustani kwenye koki ya nje, maana huyanasa maji ndani yake. Funga valvu kuu, kisha fungua koki zote, za moto na za baridi, mabomba yajimwage, na uziache hivyo hivyo wazi. Jirani uliyemkabidhi funguo, kama ni mtu wa kwetu, ataingia siku ya pili, atazikuta zimeachama na atazikaza zote kwa wema wake. Mwandikie karatasi, uibandike juu ya sinki.