Mama Ameingia Kwenye Tanbihi

Najua anayewasomea barua hii kwa sauti ni binti wa shangazi, kwa hiyo namwomba asiruke mistari inayomhusu Mjomba.

Nianze naye, maana ndiye aliyeanzisha habari ya kofia. Ile picha niliyotuma kwenye kundi la familia nilijipiga hapa Roma, nje ya duka la Gammarelli, nyuma ya Pantheon. Ni duka la tangu 1798, na mapapa wengi wameshonewa kanzu pale. Kofia nyekundu ya kikardinali inayoonekana juu ya kichwa changu iko ndani, imewekwa kwenye mto wake. Mimi niko nje, napigwa na baridi, na kioo ndicho kilichotukutanisha. Sikupimwa kichwa. Hata mlango sikuufungua, nikiogopa kuulizwa nataka nini wakati mfukoni nina tiketi ya basi tu. Sasa nasikia huko nyumbani Kamachumu kuna mtu ameshaahidi ng'ombe wa sherehe.

Hoja ya Mjomba naijua. Laurean Rugambwa alikuwa mtu wa kwetu Kagera, akaja Roma akasomea sheria za Kanisa, akarudi, akawa askofu, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu. Kwa hesabu hiyo, mtu akishapanda ndege ya Roma kinachobaki ni kusubiri tangazo. Basi aje asimame asubuhi uwanja wa Pilotta, mbele ya Chuo Kikuu cha Gregoriana, wakati wa mapumziko. Mapadre wa kila taifa, wengine wana shahada mbili, wengine wanatafuta ya tatu, wote wanakunywa kahawa wima kwenye kaunta, na muuza kahawa hamwiti yeyote Baba Askofu. (Kahawa yenyewe ni chungu, imejaa robusta. Huenda ilianikwa uani kwetu, nami nainunua tena kwa yuro.)

Mama ameuliza kwa nini shule hii haiishi. Mama, swali lako ni la haki. Falsafa miaka mitatu, taalimungu minne, kisha daraja takatifu. Wenzangu wakapewa parokia na pikipiki, mimi nikapewa barua ya askofu ya kurudi darasani. Vyuo hivi vinaendeshwa kwa hati ya Papa Fransisko ya mwaka 2017 iitwayo Veritatis Gaudium, na hati hiyo inataja ngazi tatu: bakalaurea, leseni ya miaka miwili, halafu udaktari, ambao mwanzo wake unajulikana.

Na kabla ya hapo kuna Kiitaliano. Nilipelekwa Perugia, mji uliojengwa mlimani kwa ajili ya watu wenye magoti mazima, nikakaa dawati moja na wasichana wa Kichina waliokuja kusomea uimbaji wa opera. Mwalimu alitupanga tuigize dukani. Mimi nikawa muuza viatu. Miaka yote ya seminari, gombera hakuniambia kwamba nitaanza masomo ya juu kwa kumshawishi mwimbaji wa opera anunue raba namba 37.

Mitihani mingi huku ni ya mdomo. Mnapanga foleni koridoni kama waungamaji wa Ijumaa Kuu, mlango unafunguliwa, mmoja anatoka hana rangi, mwingine anaingia. Profesa anatabasamu na kusema, haya, nieleze habari za Mtaguso wa Kalkedonia. Una dakika kama kumi za kumweleza yaliyowagombanisha maaskofu mwaka 451, kwa Kiitaliano, bila kumgawa Kristo vipande viwili na bila kukosea vitenzi. Kitubioni mtu hutoka ameondolewa dhambi. Hapa unatoka umewekewa alama.

Sasa niwaambie ninachoandika, maana Mama amekuwa akitangaza kanisani kwamba naandika Biblia. Biblia ilishaandikwa. Naandika tasnifu juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo Afrika Mashariki. Ndiyo, hizo hizo. Hiyo yenu ya Jumamosi asubuhi, ambayo Mama ni mwenyekiti wake, na Mjomba haikanyagi mpaka siku anayotaka barua ya kubatizia mjukuu. Mwaka 1976 maaskofu wetu wa AMECEA waliziweka jumuiya hizo mbele ya mambo yote ya kichungaji, na tangu hapo zimeandikiwa vitabu na makala mpaka kwa Kijerumani. Kwa hiyo kazi yangu ndiyo hii: nimetoka nyumbani kwa mwenyekiti wa jumuiya, nimepanda ndege, nimejifunza Kiitaliano, nimejifunza na Kijerumani cha kusomea, ili nikae maktaba nione Mjerumani anasemaje juu ya kikao kinachofanyika sebuleni kwetu.

Mjomba asidharau. Papa Leo XIV mwenyewe alipata udaktari wake hapa hapa Roma, Angelicum, mwaka 1987, kwa kuandika juu ya mkuu wa nyumba ya watawa katika shirika lake la Waagustino. Papa aliandika juu ya kiongozi wa nyumba moja. Na mimi niachwe niandike juu ya mwenyekiti.

Msimamizi wangu ni padre mzee mwenye sauti ndogo na penseli kali. Kila sentensi asiyoiamini huizungushia duara, pembeni anaandika neno moja: Fonte? Anataka chanzo. Niliandika kwamba kwetu mgonjwa hutembelewa na jumuiya kabla paroko hajasikia kwamba anaumwa. Duara. Fonte? Nikamjibu kwamba chanzo ni mama yangu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaniuliza kwa upole kama mama yangu amewahi kuchapisha.

Tulivutana. Nikamfungulia Lumen Gentium namba 11, pale Mtaguso wa Pili wa Vatikano unapoiita familia Kanisa la nyumbani, na kuwataka wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Nikamuuliza, mhubiri wa kwanza asiponukuliwa, atanukuliwa nani? Akacheka mpaka akakohoa. Akaruhusu, ila iandikwe kama mahojiano, yenye mahali na tarehe. Basi Mama, umeingia kwenye tanbihi, jina lako lote, mwenyekiti wa jumuiya, Kamachumu. Aliye juu yako ni Yves Congar, Mdominikani Mfaransa aliyepewa ukardinali mwaka 1994 akiwa na miaka 90. Chini yako ni Mtaguso wa Trento. Ukae nao vizuri.

Tatizo ni zile rekodi za kikao chenu ulizonitumia. Njia ya hatua saba ya kushirikishana Injili mnayoifuata ilitoka kituo cha Lumko, Afrika Kusini, ikiandaliwa na wamisionari wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer. Hatua ya nne ni kimya cha kumsikiliza Mungu. Kimya chenu kilidumu mpaka jogoo alipowika, mtu akasema tuendelee, jua linapanda. Hatua ya sita, ya kupanga la kutenda, kitabuni ni fupi. Kwenu imemeza karibu rekodi nzima: nani hajatoa mchango wa msiba, nani apeleke ndizi kwa mgonjwa, na kama yule mama asaidiwe kupalilia ilhali ana vijana wawili wanaoshinda wamelala. Nimeiandikia hatua ya sita sura nzima. Wasomi wengi wanalitafuta Kanisa kwenye hatua ya nne. Mimi nimelikuta kwenye mabishano ya ndizi.

Senene nimepata, asanteni. Niliwafungulia bwaloni mbele ya mapadre wenzangu, Mhindi akasogeza kiti mbali. Nikamtolea Mambo ya Walawi 11:22, ambapo Mungu anaruhusu nzige. Mpolandi anayesomea Maandiko akadakia kwamba andiko linataja aina nne, na haijulikani vizuri kila aina ni mdudu gani, tena senene ni jamaa wa nyenje kuliko nzige. Hapo Yohane Mbatizaji naye akaingizwa, na mjadala ukahamia jangwani. Ulipofika kwenye asali ya mwitu, Mbrazili alikuwa amekomba kopo. Mimi nasema Yohane angezaliwa Uhaya angalau angewekewa chumvi.

Kiangazi sisi mapadre wanafunzi husambazwa parokia za huku kuwashikia maparoko wanaokwenda likizo. Mimi nilipata kijiji cha milimani Abruzzo. Waumini ni mabibi, na mbwa wa bibi mmoja. Baada ya Misa ya Jumamosi niliwaketisha nikawaelekeza hatua saba. Kimya walikiweza kuliko ninyi, kwa kuwa nusu yao hawakusikia niliposema kimekwisha. Kwenye hatua ya sita bibi mmoja akakumbuka kwamba jirani yake hajafungua dirisha tangu Alhamisi. Wakainuka wote, mbwa akatangulia, wakaenda na supu. Walimkuta mzee mzima wa afya anaangalia mashindano ya baiskeli kwenye televisheni, akakasirika kukatizwa, supu akanywa. Nimeyaandika hayo nayo. Duara limeshachorwa.

Mama, maswali niliyokutumia umeyajibu yote isipokuwa la tisa: ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtu kwenye jumuiya, na kwa kosa gani? Profesa analisubiri kwa hamu. Ila jibu bila kutaja majina. Sheria inataka tasnifu ichapishwe, angalau sehemu yake kuu, ndipo cheti kitoke, na nakala zinakwenda kukaa maktaba. Utakalolisema juu ya ndugu yako litasomwa na Wajerumani.