Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Barabara za Mitaa

YAH: PONGEZI KWA LAMI YA MSIMU MMOJA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Wakazi wa mitaa yenu wanawapongeza kwa dhati. Wao walidhani lami hudumu miaka. Ninyi mmewathibitishia kwamba inaweza kuajiriwa kiangazi na kustaafu masika, tena bila kudai kiinua mgongo.

Taarifa zenu humtaja mhalifu mmoja tu, mvua. Wakazi wamemfuatilia. Kwanza huonekana ufa usiopitisha hata ukucha. Maji huingia na kukosa pa kutokea. Lori likipita, tairi huyakandamiza, nayo huruka juu yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba udongo na vumbi la kokoto kutoka chini. Hapo lami hubaki imening'inia juu ya uwazi. Siku chache baadaye inabonyea na kumeguka, na vijana wa mtaa wanajaza shimo kwa kifusi huku wakiwanyooshea mkono madereva. Nani aliyesema hamtoi ajira?

Mwaka 1816, Mskoti John McAdam aliandika kwamba kinachobeba uzito wa barabara ni udongo wa asili ulio chini yake, mradi ubaki mkavu. Aliinua barabara zake juu ya ardhi iliyo jirani, akazitandika kokoto zilizovunjwavunjwa, akayapa maji njia ya kuondokea. Hazikuwa na hata tone la lami, lakini zilipitika. Elimu hiyo imepita miaka 200, na wakazi wanaelewa kwa nini haijafika ofisini kwenu: mtaro hauna utepe wa kukata.

Kuna pia malori. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibebeshwa mzigo maradufu, madhara kwa barabara hufikia takriban mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Bahati mbaya, mizani iko barabara kuu, na lori la mchanga hushusha mlangoni kwa mtu, juu ya lami yenu nyembamba.

Kisha hufika mafundi wa bomba, wiki chache tu baada ya uzinduzi, na sururu zao. Kwa mitaa ya namna hiyo wakazi wanapendekeza vitofali vya saruji, ambavyo Wakenya huviita kabro. Hung'olewa kimoja kimoja, bomba likapita, vikarudishwa vilevile.

Ombi lao ni fupi. Mkandarasi ajaye achimbe mtaro kabla ya kumwaga lami, na malipo yake ya mwisho yasitoke mpaka masika yapite.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Kando ya Barabara