Safu ya Ushauri: Keneli Imegoma Ikungi

Kosa linaloonekana mwisho kwenye skrini, wakati wa kukompaili keneli ya Linux, kwa kawaida silo kosa lenyewe. Mstari wa "make: *** Error 2" ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Unachosema ni kwamba hatua fulani imeshindwa; kwa nini imeshindwa, hausemi. Sababu iko juu, pengine mistari mia kadhaa nyuma, hasa amri ilipotolewa kwa -j8 na kazi nane zikawa zinapiga kelele kwa pamoja. Dawa ni kurudia kwa amri ya "make -j1 2>&1 | tee makosa.txt", kisha kutafuta katika faili hilo neno "error:" linapotokea kwa mara ya kwanza. Malalamiko mengi yaliyofika kwenye safu hii kutoka Singida yangeishia hapo.

Mchovu wa Kiomboi, kwa mfano, amenakili mstari wa mwisho peke yake na kuuliza kama mashine inamchukia. Haimchukii. Mistari michache juu yake pameandikwa "flex: not found", yaani programu moja haijasakinishwa. Kwa Ubuntu na Debian vinavyokosekana mara nyingi ni flex, bison, bc, libssl-dev na libelf-dev, na ni busara kuvishusha vyote kwa mara moja wakati bando bado lipo, kwa kuwa kompaila hulalamikia kimoja kimoja.

Msomaji wa Manyoni alifuata ushauri mzuri wa kunakili mipangilio ya Ubuntu kutoka /boot kuwa faili la .config, akakwama kwenye "No rule to make target 'debian/canonical-certs.pem'". Mipangilio ile inadai vyeti ambavyo watengenezaji wa Ubuntu wanavyo na yeye hana. SYSTEM_TRUSTED_KEYS na SYSTEM_REVOCATION_KEYS zikiachwa tupu ndani ya .config, safari inaendelea.

Nusu Kazi wa Ikungi ana kesi nzito zaidi. Umeme ulikatika keneli ikiwa katikati. Uliporudi akaandika make tena, akapewa "file not recognized" kuhusu faili ambalo hajawahi kuligusa. Kwa kawaida make haianzi upya. Hulinganisha saa ya faili la msimbo na saa ya faili la .o lililotokana nalo; la .o likiwa jipya zaidi, hulipita. Ndiyo maana giza la ghafla halipotezi kazi ya mchana kutwa. Ila faili lililokuwa likiandikwa dakika ile ile laweza kubaki na jina lake na saa yake huku ndani hamna kitu. Make huliona jipya na kuliacha. Baadaye kiunganishi hulifungua na kukuta tupu. Amri ya "find . -name '*.o' -size 0 -delete" huondoa matupu hayo, kisha make iendelee. Lililokatika nusu hutajwa kwa jina na ujumbe wenyewe, nalo lifutwe peke yake. "make clean" pia hutibu, kwa gharama ya kurudia kazi yote. "make mrproper" isiguswe kabisa kabla ya kuhifadhi nakala ya .config, maana hulifuta pamoja na mengine.

Kompyuta ya Nusu Kazi ni ya mezani, ya mtumba, kwa hiyo betri ya CR2032 kwenye ubao mama nayo ishukiwe. Ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika saa hurudi nyuma miaka mingi, na msimbo uliopakuliwa juzi huonekana umetoka siku zijazo. Onyo lake ni "Clock skew detected. Your build may be incomplete". Kwa kuwa ni onyo tu, wengi hulipuuza, kisha mabadiliko waliyofanya yanarukwa na faili zilizokwisha kukamilika zinarudiwa bila sababu. Saa irekebishwe kwanza, ndipo make clean ifuate.

Neno "Killed" lisilo na maelezo, alilopata msomaji wa Itigi mwenye RAM ya GB 4, ni kumbukumbu kuisha: -j8 ishushwe iwe -j2, na swapu iongezwe. Diski ikijaa, CONFIG_DEBUG_INFO izimwe kwanza, maana taarifa hizo hula gigabaiti nyingi. Anayefungulia msimbo kwenye flashi ya FAT ahamie ext4: FAT haitofautishi xt_TCPMSS.h na xt_tcpmss.h, na keneli inayahitaji yote mawili.



Wa mwisho, kutoka Mkalama, amekompaili bila kosa lolote, akawasha upya na kupata "VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Keneli imewaka lakini haioni diski, aghalabu kwa sababu initramfs haikutengenezwa. Kwenye menyu ya GRUB, chini ya "Advanced options", keneli ya zamani bado ipo. Aingie kwa hiyo, kisha aendeshe "make modules_install" na "make install" kwa sudo, kwa mpangilio huo.