Namna ya Kutuma Kinyesi kwa Posta

Kaka yangu unayeishi Marekani, ukitimiza miaka 45 kuna kifurushi utaombwa ukitume, na kilichomo si zawadi ya mjomba. Cheka kwanza, kisha kitume.

Ukisema huumwi, hongera: kipimo hiki cha saratani ya utumbo mpana ni chako hasa. Kivimbe cha utumbo mpana huweza kuchukua miaka kumi hivi kugeuka saratani, na muda wote huo unakula nyama choma kwa raha zako. Zamani walianza kupima watu wa miaka 50. Mwaka 2021 jopo la kitaifa la wataalamu liliteremsha umri hadi 45, maana vijana wanazidi kuugua. Na usinitajie mazoezi. Chadwick Boseman wa Black Panther aliigiza huku akitibiwa saratani hii. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43.

Haya, kazi. Tandika karatasi chooni kinyesi kisiguse maji. Kwaruza juu juu kwa kijiti, kirudishe kichupani, ufunge. Andika tarehe! Maabara huvikataa vichupa visivyo na tarehe, na safari yote hiyo ya heshima inapotea bure. Rudia kila mwaka.

Damu ikionekana humo, inafuata kamera ya njia ya haja kubwa. Wengine huanza nayo moja kwa moja, na ikikuta utumbo safi hurudiwa baada ya miaka 10. Wanaume huiogopa kuliko saratani yenyewe. Kaka, uanaume hautokei huko. Utapewa dawa ya usingizi, na kivimbe kikionekana hukatwa papo hapo. Kazi ngumu ni ya jana yake: chai ya rangi, supu iliyochujwa, hakuna kinywaji chekundu, na dawa ya kusafisha tumbo ambayo haingoji mgeni aage. Tafuta pia wa kukurudisha nyumbani, kwani hutaruhusiwa kuendesha gari.

Kabla ya yote, piga simu nyumbani. Kwetu marehemu wengi "walisumbuliwa na tumbo", basi, mazungumzo yakaishia hapo. Muulize mama, kwa adabu lakini usimwachie: marehemu alitoa damu? Alikonda? Alikuwa na umri gani? Mzazi au ndugu yako wa tumbo moja kama aliugua saratani hii, usingoje 45. Mwambie daktari sasa. Kwa kawaida utaanza ukiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua yeye, utakaotangulia. Na hapo ni kamera, si posta.