Haibridi ya Bosi

Hongera, bosi, kwa gari la kisasa. Betri yake kubwa ina volti zaidi ya 200, lakini leo limegoma kuwaka kwa sababu kale kadogo ka volti 12, kanakoamsha kompyuta, kamezimia. Vijana wa kijiweni wamejipanga nyuma wakusukume. Warudi tu kwenye kahawa yao. Haibridi haishtuliwi kwa kusukumwa.

Fundi naye, akiitazama saa yako ya mkononi, ameshataja "kontrol boksi". (Hajafungua hata boneti.) Mwambie apime kwanza: betri nzima iliyojaa husoma kama volti 12.6. Kisha akague vichwa vyake, huenda vimeshika kutu au vimelegea. Asipokuwa na mita, tafuta fundi mwingine.