Namna ya Kupata Upara Bila Kufilisika

Anzia kwa kinyozi. Kabla hajawasha mashine, mwombe kioo cha pili akushikie nyuma. Tazama pembe mbili za juu ya paji, kisha utosi. Ikiwa pembe zimerudi nyuma na kuchora herufi M, au utosi unaanza kung'aa ilhali kisogo na juu ya masikio pamejaa nywele kama zamani, basi upara wa kurithi umeshabisha hodi. Kinyozi umwache na amani yake. Mashine haihusiki, kofia haihusiki, wala maji ya chumvi ya kisimani hayahusiki.

Hatua ya pili ni kumtafuta mhusika. Mitaani lawama zote hupelekwa kwa babu mzaa mama, na zina ukweli nusu: jeni mojawapo yenye nguvu katika jambo hili iko kwenye kromosomu X, na X ya mwanamume hutoka kwa mama yake. Lakini jeni zinazochangia ni nyingi, nyingine zimetoka kwa baba. Kwa hiyo ukienda kudai fidia, pita koo zote mbili.

Urithi peke yake hautoshi, lazima ukutane na homoni. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alichapisha matokeo ya kuwachunguza wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe: hawakuota upara. Walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo wakaanza kupukutika nywele. Leo tunajua kimeng'enya fulani mwilini hugeuza testosteroni kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Kwa aliyerithi, DHT huvisinyaza vile vishimo ambamo nywele huota. Unywele wa kawaida hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha huanguka na kumpisha mwingine. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Penye DHT muda wa kukua hufupika, na kila unywele unaorudi huwa mwembamba kuliko uliotangulia. Laza unywele wa utosini na wa kisogoni juu ya karatasi nyeupe, utaona: wa kisogoni mnene na mweusi, wa utosini laini kama wa mtoto mchanga. Vishimo vya kisogoni havijali DHT, ndiyo maana hata mzee mwenye kipara kikubwa kabisa hubaki na mkanda wa nywele kutoka sikio hadi sikio.

Hapo hakuna laana, uchafu wala utajiri. Hilo la utajiri nalisema kwa uchungu, maana mwaka 2017 huko Milange, Msumbiji, wanaume waliuawa kwa imani kuwa vipara vyao vina utajiri, na polisi wakalazimika kuwatahadharisha wengine.

Sasa tuje kwenye pochi yako. Utauziwa maji ya kitunguu, mafuta ya nyonyo, habasoda, na chupa isiyo na lebo yenye kuahidi nywele ndani ya siku 7. Muuzaji mwambie kwamba nywele za kichwani hurefuka kama sentimita 1 tu kwa mwezi, kisha mwombe avue kofia. Mafuta hung'arisha nywele ulizo nazo na kulainisha ngozi. Kishimo kilichosinyaa kwa DHT hakitafumuka kwa kitunguu, hata ukilia kiasi gani.

Dawa zenye ushahidi ni chache. Minoksidili ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu; wagonjwa wakashangaa kuota nywele usoni na mikononi, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha dawa yake ya kupaka kichwani. Hupakwa kila siku, na wiki za mwanzo nywele huanguka zaidi. Wengi hapo ndipo hutupa chupa, na ni kosa: subiri angalau miezi 4. Ukiiacha, ulichopata kitaondoka ndani ya miezi michache, kwa hiyo piga hesabu ya miaka kabla ya kununua chupa ya kwanza. Na ikiwa unaishi Lamu, ambako paka ni wenyeji kuliko wewe, usiwaache wakulambe kichwa wala mto wako. Dawa hiyo inaweza kuwaua.

Finasteridi, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa upara wa wanaume, huzuia kile kimeng'enya. Inafaa zaidi kwa kulinda nywele zilizopo. Wengine hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa, wengine huingiwa na huzuni nzito, kwa hiyo ongea na daktari kwanza. Umjulishe pia ukienda kupima tezi dume, kwa sababu hushusha kipimo cha damu hadi karibu nusu na kuficha tatizo. Mke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Upandikizaji huhamisha nywele tu, hauzalishi mpya. Norman Orentreich wa New York alionyesha mwaka 1959 kwamba unywele wa kisogoni ukipandwa mbele huendelea na tabia za kisogoni. Kabla ya kukata tiketi ya Istanbul kwenda kupandikizwa, muulize daktari ameshapandikiza nywele za kipilipili mara ngapi, kwa sababu shina lake hupinda chini ya ngozi na kukatwa kwa urahisi. Kama makovu yako huvimba, mwambie mapema.

Au nyoa zote. Ni tiba ya bei nafuu kuliko zote, na wanaume wengi hupendeza. Nenda kwa kinyozi na wembe wako mpya, na jua la mchana livalie kofia.

Dada zangu, nanyi mnaurithi. Kwenu nywele hupungua kwenye njia ya katikati huku za mbele zikibaki. Lakini zikikatika pembeni mwa uso, mara nyingi kosa ni msuko wa kubana, na utosi unaowasha, kuuma na kung'aa unaweza kuwa ugonjwa unaoacha kovu. Hayo hayasubiri mafuta ya nyonyo. Msusi akikaza hadi ukashindwa kulala, mwambie afumue, na utosi ukiuma nenda kwa daktari wa ngozi wiki hii, kwa sababu kishimo kikishageuka kovu hakuna dawa ya kukirudisha.