Mnauza Nini?

Mkoani Simiyu pesa ya pamba ina njia zake zinazojulikana. Ikishalipwa, mwenye nyumba ya nyasi hununua bati, mwenye baiskeli hununua pikipiki, na mwenye mke mmoja huanza kukohoakohoa mbele ya wazee. Mwenye busara hununua ng'ombe akanyamaza. Hayo yote yanaeleweka. Jambo ambalo majirani zangu wa Somanda, pale Bariadi mjini, hawakulielewa ni mtu mzima kufunga duka lake la pembejeo, wakati wenzake wako kwenye mizani wanauza pamba, eti anakwenda Kenya kutazama mawe.

"Mawe?" aliuliza jirani yangu muuza vocha. "Haya ya hapa yamekwisha?"

Swali lake lilikuwa na uzito. Usukumani mtu analima akizunguka jiwe, anapumzika juu ya jiwe, na michembe yake ya viazi anaianika kwenye jiwe hilo hilo.

Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la rafiki yangu anayefundisha historia katika sekondari moja, ambaye kila mtu, hata mkewe, anamwita Mwalimu. Aliona picha za vijana wa Kizungu wenye mabegi makubwa mgongoni wakitoka mji wa Cusco, huko kwenye milima ya Peru, kwenda kuona magofu ya Machu Picchu. Akapiga hesabu ya nauli, akanyamaza. Akahamia Great Zimbabwe, akapiga hesabu, akanyamaza tena. Hatimaye akaja dukani na rula ya ubaoni na ramani ya Afrika Mashariki, akaweka rula Bariadi, akavuka nayo mpaka wa Sirari, na kidole kikasimama kaskazini-magharibi ya mji wa Migori.

"Thimlich Ohinga," akasema. "Kuta za mawe matupu, karne ya 16. UNESCO wameziingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Na tunafika kwa basi."

Nikamuuliza mji wa milimani uko wapi, maana kwenye picha za Peru ulikuwapo. Kidole kikapanda hadi Kisii.

Begi lake alilipata mnadani, mtumba wa daraja la kwanza, lenye mikanda na vibanio ambavyo hakuna aliyejua kazi yake, na kwenye mpini bado lilikuwa na karatasi ya uwanja wa ndege wa Frankfurt. Lilikuwa limesafiri kuliko sisi wote wawili. Ndani aliweka blanketi, sufuria, tochi mbili, daftari la kuandikia habari za mawe, koti la mvua chini kabisa, na juu yake rambo kubwa iliyojaa michembe kutoka kwa mama mkwe wake, ambaye haamini kwamba Kenya kuna chakula.

Pale Lamadi, barabara ya Bariadi inapokutana na ile ya Mwanza kwenda Musoma, kondakta aliyatazama mabegi yetu.

"Wazee, mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu. Tunatalii."

"Sawa. Lakini mzigo huo unalipiwa. Mnauza nini?"

Hatua chache kutoka pale lilikuwa limesimama gari la Wazungu waelekeao lango la Ndabaka la Serengeti, na juu yake mabegi ya aina ile ile, mengine machafu kuliko yetu. Wale hakuna aliyewauliza wanauza nini. Walipungiwa mikono. Mwalimu aliliona hilo na likamkaa rohoni hadi Bunda.

Baada ya Bunda, mama mmoja aliyeketi jirani nasi alitaka kujua safari. Mwalimu akamweleza kwa ukamilifu: kuta za kale, mawe yaliyopangwa, watu walioondoka. Mama alisikiliza kwa makini, kisha akainama na kunong'ona: "Mjerumani aliificha upande gani?" Mwalimu akasema hakuna cha Mjerumani wala dhahabu. Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu anayekana kwamba anatafuta mali ya Mjerumani ndiye aliye na ramani yake, na ramani kweli ilikuwa mikononi mwake. Tulipovuka daraja la Kirumi basi lote lilikuwa linatusemesha kwa heshima, na mzee mmoja alituachia namba yake ya simu, endapo tutahitaji mtu wa kuchimba.

Sirari siku hizi unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, na sisi tulipita vizuri hadi begi la Mwalimu lilipofunguliwa. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sisi tukafuata Juni 2019, kwa hiyo ile rambo ilikuwa haramu pande zote mbili za mpaka. Mama mkwe alikuwa ameihifadhi uvunguni miaka yote hiyo akingoja tukio kubwa. Afisa alichukua mchembe mmoja, akautafuna, akaendelea kuutafuna, akauliza ni dawa ya nini. Tulipomwambia ni chakula akauliza kama tunapeleka kuuza. Mwalimu akajibu kwamba sisi ni watalii. Afisa akatutazama viatu. Mwishowe mfuko ulibaki, michembe tukarudishiwa, ikamwagwa ndani ya begi ilivyo. Tangu hapo ilikuwa ndani ya soksi, ndani ya tochi, na mmoja ulitokea baadaye katikati ya kurasa za pasipoti.

Pesa tulibadilisha hapo hapo mpakani. Kichwa cha Mwalimu hakikubadilishwa. Tulipofika Kisii tukaingia mgahawani, tukaletewa ndizi na nyama, na alipoambiwa bei ni mia mbili hamsini akacheka kwa sauti. Kwa mia mbili hamsini Bariadi unapata andazi na masimango. Akaagiza vijana wawili wa meza ya jirani waletewe, na mzee aliyeketi mlangoni naye aletewe. Hesabu ikaja: elfu moja mia mbili hamsini. Bado anacheka. Ndipo nikamkumbusha kwamba shilingi moja ya pale inakula karibu ishirini zetu. Midomo yake ikapiga hesabu kimyakimya, kicheko kikakatika. Yule mzee akainuka, akamshika mikono yote miwili, akamwombea kwa muda mrefu, yeye na uzao wake, na Mwalimu akaitikia amina kwa sauti ya msibani.

Kisii iko juu, yapata mita 1,700, na mji wenyewe umejengwa kwenye miteremko. Sisi watu wa mbugani tumezoea kumwona mgeni angali kitongoji cha tatu. Kisii mtu anakutokea juu ya kichwa chako akiwa amebeba mkungu wa ndizi, anakusalimia, na kabla hujaitikia yuko chini ya miguu yako. Mwalimu alipanda akisimama kila baada ya nyumba chache ili, kwa maneno yake, atazame mandhari. Mara moja mandhari hiyo ilikuwa ukuta wa choo.

Mvua ya alasiri ilitukuta hapo kwenye mwinuko. Koti la mvua lilikuwa chini ya michembe. Alipoamua kulifukua, michembe ilikuwa imekwisha kunywa maji, na kama kuna kitu duniani kinachojua kunywa maji ni kiazi kilichoanikwa kwa jua la Simiyu. Begi likavimba. Likawa zito. Mkanda mmoja ukakatika, likamponyoka, likaanza kuteremka barabara ya Kisii peke yake. Lilipita mbele ya duka la simu, likampisha mwenye mkokoteni, yaani mwenye mkokoteni ndiye aliyelipisha, na likasimama kwenye genge la mama mboga, likiwa limefunguka mdomo. Mwalimu alifika akihema. Mama mboga alikuwa tayari ameshika mchembe uliovimba, anaugeuzageuza.

"Hii unauza pesa ngapi?"

Nilimwona Mwalimu akitaka kusema tunatalii, pumzi ikamkatalia.

Usiku ule mwenye nyumba ya wageni alitukubalia jiko. Michembe iliyolowa haingojei kesho. Akaipika yeye mwenyewe, nasi tukamwonyesha jinsi ya kuiunga kwa karanga, na wageni wengine wa nyumba ile wakaja wakifuata harufu. Hakuna aliyemaliza sahani, lakini hakuna aliyesema vibaya, na kwa chakula cha kwetu ugenini huo ni ushindi.

Kesho yake Mwalimu alitaka kuona Tabaka, wanakochimba mawe ya sabuni na kuchonga. Hapo sina la kutania. Jiwe lile linatoka ardhini jeupe au lenye wekundu wa mbali, laini kiasi kwamba mchongaji hulikata kwa panga na kulimalizia kwa kisu, kisha hulisugua ndani ya maji hadi ling'ae. Ningekaa pale siku nzima. Mwalimu yeye alimwona tembo. Tembo wa ukubwa wa paka, masikio yamekunjuliwa, mkonga juu. Nikamkumbusha kwamba mjomba wake, anayelima jirani na Pori la Akiba la Maswa, hulala shambani mahindi yakikomaa, akipiga debe usiku kucha kufukuza tembo, halafu yeye analipa pesa ampeleke mwingine Simiyu? Akasema huyu hali. Akalipa, akamfunga kwenye blanketi, begi likarudia uzito ule ule wa michembe.

Kutoka Migori hadi Thimlich Ohinga ni kilomita arobaini na kitu, nasi tulizikata kwa bodaboda, vumbi lote la njiani likipanda nasi. Mwongozaji alitupokea vizuri. Hakuuliza tunauza nini. Alituonyesha kuta zinazoinuka hadi mita nne na zaidi, zikizungukana, na mitupa mikubwa iliyoota katikati yake. Kisha akatuonyesha mlango. Milango ya pale ni mifupi na myembamba kwa makusudi: aliyekuja kuiba ng'ombe alilazimika kuinama na kuingia mmojammoja, akitanguliza kichwa mbele ya walinzi.

Mwalimu akainama, akaingia na begi lake mgongoni. Begi likanasa.

Alikuwa ameweka kichwa ndani ya karne ya 16, na sehemu iliyobaki ikiwa nje inatazamwa na bodaboda. Nikamshika kiunoni ili nivute.

"Wacha kuvuta!" mwongozaji akapaza sauti. Akaeleza, huku mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa Mwalimu kumtuliza, kwamba mawe yale hayana saruji wala udongo. Yameshikana yenyewe: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati vijiwe vidogo vilivyoshindiliwa.

"Unene wake?" sauti ya Mwalimu ikauliza kutoka ndani.

"Mita moja mpaka tatu."

"Na waliojenga?"

Mwongozaji akamjibu kwa kirefu, kwamba jamii mbalimbali zilipokezana kuishi humo, Wajaluo wakiwa miongoni mwa waliokuja baadaye, na kwamba maboma ya mawe ya namna hiyo yako mengi katika eneo lile, ila hili ndilo kubwa na lililohifadhika zaidi. Mwalimu akaguna kwa kuridhika. Aliniomba nimwandikie kwenye daftari. Daftari lilikuwa ndani ya begi.

Fikiria ukuta huo ukianguka. Urithi wa Dunia, umesimama karne kadhaa dhidi ya maadui wenye mikuki, halafu ubomolewe na Msukuma mmoja na tembo wa jiwe. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuwaambia wakubwa wa nchi mbili, mwongozaji alipoingiza mkono chini ya kifua cha Mwalimu na kubonyeza kibanio kimoja kati ya vile visivyojulikana. Mikanda yote ikaachia kwa pamoja. Begi likabaki nje, Mwalimu akaangukia ndani.

"Wazungu wakinasa huwa tunabonyeza hapo," mwongozaji akasema.

Ndani Mwalimu alizunguka bila kusema. Alisimama kwa muda kwenye zizi, akalipima kwa hatua, akasema ng'ombe wa babu yake wangeenea na ndama juu. Kwenye kitabu cha wageni aliandika "MTALII" kwa herufi kubwa, akaikaza kalamu hadi ukurasa wa nyuma.

Tuliporudi, mjomba wake alikuja Bariadi siku ya mnada, akamkuta tembo juu ya meza. Akamtazama sana. Akauliza bei. Mwalimu akaitaja kwa shilingi za Kenya, maana siku hizi amejifunza, na mjomba akaona si ghali kwa jiwe la kunolea. Akachomoa kisu chake, akakipitisha mgongoni mwa tembo mara mbili tatu. Unga mweupe ukamwagika mezani, mkonga ukadondoka sakafuni.

"Hili halinoi," akasema, akipuliza kisu. "Lakini kama wale wa porini wangekuwa laini hivi, mahindi yangu yangekuwa ghalani."